Ukianza kuchunguza ndege za leseni: niliyojifunza kwa Impala

Wengi wanaoingia kwenye historia ya ndege za kijeshi hukimbilia vitani, na nawaelewa. Lakini ndege ikiwa imetengenezwa kwa leseni, anza na mkataba: nani aliisanifu, nani aliruhusiwa kuitengeneza, vipuri vipi viliendelea kutoka nje.

Chukua Impala, ndege ya kijeshi ya Afrika Kusini ya mafunzo na mashambulizi. Asili yake ni Aermacchi MB-326 ya Italia, kazi ya mhandisi Ermanno Bazzocchi, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1957 kwa injini ya Viper ya Uingereza. Mwaka 1966 kiwanda cha Atlas, Kempton Park, kilianza kwa kuunganisha sehemu zilizoletwa kutoka Italia, kisha hatua kwa hatua kikazitengeneza chenyewe. Ndiyo maana vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyokuwa vya lazima kuanzia Novemba 1977, havikuzizuia Impala kuruka: ujuzi ulikuwa umeshaingia nchini. Asiyelijua hili hataelewa vita vya Afrika Kusini nchini Angola na Namibia vya miaka ya themanini.

Usichanganye matoleo pia. Mk I ina viti viwili, ndiyo iliyofundishia marubani. Mk II ina kiti kimoja na mizinga miwili ya milimita 30, na ndiyo iliyotumika kwa mashambulizi kusini mwa Angola. Ukikuta andiko linataja "Impala" tu, tafuta kwanza ni ipi.

Septemba 1985, Mk II ziliangusha helikopta kadhaa za Angola. Simulizi nyingi utakazozipata ni za marubani wa Afrika Kusini. Zina tarehe na maelezo mazuri ya urukaji, ila waliokuwa upande wa pili hawasikiki. Tafuta maandishi ya Kireno, wasome Waangola na Wanamibia. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa ndege hii ilitumikia utawala wa ubaguzi wa rangi, na waliouawa nayo ni sehemu ya historia yake.

Wala usiiache ndege inapostaafu. Impala kadhaa zilikwenda Kameruni. Brazil, ambako kampuni ya Embraer ilitengeneza MB-326 kwa jina la Xavante, ilichukua Impala zilizostaafu kwa ajili ya vipuri, na Xavante zake zikaendelea kuruka hadi 2010. Kwa hiyo anayeandika kuhusu Xavante afungue na kumbukumbu za Afrika Kusini.