Re: Shoga yangu anaogopa kwenda kwenye tuzo

Salaam dada. Umesema shoga yako ameingia orodha ya mwisho ya ushairi, Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile tuzo ya taifa ya uandishi bunifu, na tangu apigiwe simu hapati usingizi. Anasema akiitwa jukwaani atazimia.

Nimewahi kumsindikiza rafiki kwenye hafla ya namna hiyo. Kwanza kabisa hakikisha amekula. Wangu alikaa siku nzima na chai ya rangi tu, jioni viganja vikawa baridi kama barafu. Nilimpa maji na karanga, nikamshika mkono chini ya meza mpaka washindi wakatajwa.

Aprili 13, siku ya hafla, Dar ni katikati ya masika, kwa hiyo tokeni mapema kabla ya mvua na foleni. Mkiwahi, muombee apande jukwaa likiwa tupu. Shukrani aziandike kwenye karatasi, mistari minne, herufi kubwa.

Tafadhali usimwambie "utashinda tu". Rafiki yangu hakushinda, na maneno hayo ndiyo yaliyomliza. Mwambie mtaondoka pamoja, na mtakula wapi baadaye. Kama hutulia kwa kimya, nyamaza naye. Hapo wewe unamjua kuliko mimi.