Mafuta juu ya damu

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu alipata homa, nikampeleka kituo cha afya. Mtu wa maabara alimtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, kisha nikamwona anadondosha mafuta juu yake ndipo akachungulia. Hayo mafuta hayaharibu kipimo? Kaka yake yuko kidato cha tatu, ananiambia zipo hadubini za elektroni zinazokuza mara laki kadhaa. Kwa nini hospitali zisinunue hizo, mdudu asipate pa kujificha? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa.

Bila hayo mafuta asingeona kitu cha maana. Tia kijiko kwenye glasi ya maji: utakiona kama kimevunjika pale maji yanapoishia. Mwanga hupinda ukitoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine. Ndivyo ilivyo kwenye hadubini: ukitoka kwenye kioo na kukutana na hewa unapinda, na mwingine unapotea kabla ya kuifikia lensi. Mafuta yale yanaupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, hivyo tone likiziba ile nafasi mwanga unapita moja kwa moja. Lensi ya mafuta hukuza mara 100, ya jichoni mara 10, jumla mara 1,000.

Lensi ya 40 ndiyo haitaki mafuta kabisa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijisahau, nikaizungusha ikapita katikati ya tone. Asubuhi nzima naona ukungu mtupu. Nikalaumu rangi, nikalaumu umeme, hadi mkuu wangu alipoifungua, akaiangalia dirishani na kuniuliza chapati nimekaangia wapi.

Sasa, yule mtu alikuwa anatafuta nini? Kwa kawaida tunapaka damu namna mbili, tone nene na tone jembamba. Lile nene halitiwi methanoli, kwa hiyo likitiwa rangi ya Giemsa chembe nyekundu hupasuka, zinabaki chembe nyeupe na vimelea vya malaria. Hapo unapitia damu nyingi kwa muda mfupi. Jembamba linakuonyesha kimelea kikiwa ndani ya chembe yake, na ndipo unapotambua ni malaria ya aina gani. Vimelea vichanga huonekana kama pete ya kidoleni: duara la buluu, kito chekundu. Tunavihesabu hadi chembe nyeupe 200 zitimie, kisha tunazidisha kwa 40, kwa kukadiria kwamba mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea 150 ni sawa na 6,000 kwa mikrolita. Kwa hiyo ukiambiwa tu "ana malaria tatu", uliza tatu katika ngapi.

Kijana wako hajakosea. Mwanga una kikomo: vitu viwili vikikaribiana chini ya mikrometa 0.2 hivi (mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hadubini ya kawaida inaviona kitu kimoja, hata lensi ikiwa nzuri vipi. Kirusi cha UKIMWI kina mikrometa kama 0.12, hakionekani. Mwaka 1931 huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga, na koili za sumaku badala ya lensi za kioo. Hewa lazima inyonywe yote, maana elektroni zikigonga hewa zinatawanyika.

Hapo ndipo shida ya zahanati inapoanzia. Sampuli inakaushwa kwa kemikali, inagandishwa ndani ya plastiki ngumu, kisha inakatwa kwa kisu cha almasi vipande vya unene wa nanomita 70 hivi, yaani mikrometa 0.07. Chembe moja nyekundu inatoa vipande kama 100, na mikrolita moja ya damu ina chembe nyekundu milioni 5. Mtoto ana homa leo. Wewe uko kwenye kipande cha ngapi? Tena humo hakuna kinachobaki hai. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aligundua kimelea cha malaria mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, kwenye damu mbichi isiyotiwa rangi, kwa sababu aliona vijiuzi vyake vinachezacheza.

Lakini elektroni zilituonyesha kitu ambacho mimi na lensi yangu ya mafuta tusingekiona maisha. Chembe yenye malaria ya aina ya falciparum inaota vinundu vidogo mno juu ya ngozi yake. Kwa vinundu hivyo inang'ang'ania kuta za mishipa midogo, pamoja na ya ubongo. Ndiyo maana malaria hii ni kali kuliko nyingine.

Picha za virusi vya waridi na kijani ambazo huenda kijana ameziona zimepakwa rangi kwa kompyuta. Hadubini ya elektroni hutoa nyeusi, nyeupe na kijivu tu.

Mwambie aanze na ya shuleni. Abandue ngozi nyembamba ya kitunguu, atie tone la maji na iodini, ashushe kioo cha juu polepole kuanzia upande mmoja ili mapovu yasiingie. Povu lina duara jeusi nadhifu sana, ni mwanga umepinda kama kwenye kile kijiko, na wanafunzi huwa wanalichora kwa bidii wakidhani ni seli.