Gauni linasema 1895, leso inakataa

Wiki hii mmeuliza: je, mavazi yanaweza kutuambia picha ya zamani ya familia ilipigwa mwaka gani? Nilitaka kujibu hapana, basi, niendelee na shughuli zangu. Lakini kwetu jambo hili limeshavunja kikao, na wala hatugombanii mwaka. Tunagombania mtoto.

Sisi ni watu wa Freretown, hapo Kengeleni, Mombasa, uzao wa wale walioteremshwa kwenye majahazi ya watumwa wakapewa makao katika misheni iliyoanzishwa 1875. Picha ya enzi hizo tunayo moja tu. Bibi yake shangazi ameketi, amevaa gauni la kizungu: kola imembana shingo, vifungo vimeshuka kifuani, mikono imefura mabegani kama maputo. Mumewe kasimama na koti lake. Katikati yuko mtoto wa kiume, tuseme wa miaka minne. Pembeni kabisa, nusu kakatwa na ukingo, yuko mwanamke aliyejitanda leso, yaani kanga.

Siku tulipomaliza matanga ya mjomba, shangazi aliitoa picha hiyo kwenye sanduku la bati. Binamu yangu wa Leicester alikuwa kwenye simu, akaomba aonyeshwe, na papo hapo akatoa hukumu: 1895. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Katikati ya miaka ya 1880 wanawake wa Uingereza walivaa mikono ya kubana na sketi iliyotuna nyuma. Halafu mtuno ukahamia mabegani, mikono ikavimba mwaka hadi mwaka, ikafika kilele 1895, na baada ya miaka miwili tu ilikuwa imeshanywea. Shangazi akasema, “Mnaona? Ni yeye.”

“Yeye” ni kaka mkubwa wa baba yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza asirudi. Hakuacha mke, hakuacha kaburi. Kama picha ni ya 1895, mtoto ni yeye, na ndiyo sura yake pekee tuliyo nayo. Kama ni ya miaka kumi baadaye, mtoto ni babu yangu, ambaye picha zake zimejaa ukutani.

Nikauliza: shangazi, gauni lenyewe lilitoka wapi? Akajibu bila kusita kwamba bibi yake alikuwa akipewa nguo zilizoletwa na meli katika masanduku ya misheni. Basi! Mitumba ile. Mtindo ukipitwa kule, gauni linafungashwa, linakuja kuvaliwa Mombasa mpaka lichanike. Malkia Victoria alikufa 1901, lakini magauni ya enzi zake hayakuzikwa naye. Na nguo haisemi hata mahali: Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyetoroka Unguja 1866, ana picha mashuhuri akiwa na mavazi kamili ya kwao, nayo ilipigwa Hamburg. Shangazi alikasirika. Mjukuu mmoja akachukua simu, akaipiga picha ile, akaikuza upande wa yule mwanamke wa pembeni. Kwenye pindo la leso kuna kitu kama mstari wa herufi.

Hapo mjadala ukageuka, na niseme kweli, hata sasa ninapoandika nauona ukinigeuka mimi. Leso zilianza kuwekwa maandishi mwanzoni mwa karne ya 20. Na leso si gauni la sanduku; mwanamke wa Mombasa huenda dukani akachagua iliyoingia juzi. Kama zile ni herufi, picha haiwezi kuwa ya 1895, na mtoto ni babu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mavazi yanasema, ila msianze na vazi lililo bora kuliko yote pichani. Tafuteni lile lililonunuliwa karibuni zaidi: picha haiwezi kuitangulia nguo iliyomo, lakini yaweza kuja nyuma yake miaka mingi. Tena nasema hayo kwa sharti, maana leso imekunjwa, picha imefifia, na mstari ule waweza kuwa maua tu ya pindo. Shangazi anasema ni maua. Binamu anasema ni maua. Mimi naona herufi, na siku hizi nikiwa kwa shangazi sizitaji.