Waya haujui Python: maswali yenu kuhusu kufungasha data

Barua zimejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni swali lile lile lililobadilisha nguo. Nimechagua machache. Wengi wenu mnatumia Python, kwa hiyo mifano itatoka huko, lakini watu wa PHP, Ruby na Perl msikae mkao wa watazamaji. Yanawahusu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina programu mbili za Python zinazozungumza kwa soketi. Natumia pickle, moduli ya Python inayogeuza vitu kuwa baiti, kwa sababu inabeba kila kitu, hata objekti za klasi zangu mwenyewe, bila usumbufu. Rafiki yangu anasema ni hatari. Hatari iko wapi wakati mawasiliano yote yanapita kwenye TLS, yaani yamesimbwa njiani?

Jibu: Marahaba. Huyo rafiki usimwache.

Wewe unaiona pickle kama sanduku: unapanga vitu, unafunga, mwenzako anafungua. Ukweli ni kwamba pickle ni mlolongo wa maagizo: chukua hiki, jenga kile, ita fanksheni hii na uipe hivi. Upande wa kupokea kuna kimashine kidogo kinachoyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Klasi yoyote inaweza kubeba njia iitwayo __reduce__, ambayo kazi yake ni kusema: mkitaka kunijenga upya, iteni fanksheni fulani. Mwenye nia mbaya anaandika klasi ya mistari mitatu, __reduce__ yake inarudisha os.system pamoja na amri ya kufuta mafaili yako, anafungasha, anakutumia. Wewe unaita pickle.loads, na kabla hujapata nafasi ya kutazama umeletewa nini, amri imeshapita. Usiniambie utakagua ukishafungua. Kule kufungua ndiko kutekeleza.

TLS inalinda njia. Inazuia mtu wa katikati asisome wala asibadilishe. Aliye mwisho wa waya ana nia gani, hilo haliihusu. Sumu iliyoletwa na gari la kivita inabaki sumu.

Tuseme basi huna adui duniani. Bado utaumia. Badilisha jina la klasi au ihamishie faili jingine, na mizigo yote ya zamani inakataa kufunguka, kwa sababu ndani yake yameandikwa majina ya moduli zako. Fungasha kwa protokali ya 5, iliyokuja na Python 3.8, kisha tuma kwenye mashine yenye 3.7: haifunguki. Nyaraka za Python zenyewe zimeweka onyo karibu na mwanzo wa ukurasa wa pickle, na unserialize ya PHP, Marshal ya Ruby na Storable ya Perl zina onyo la aina hiyo hiyo. Maonyo yameandikwa. Kusoma ndiko hakuna.

Tumia JSON, muundo wa maandishi unaobeba data tupu bila maagizo. Kila klasi iandikie fanksheni mbili, moja ya kuigeuza kamusi na nyingine ya kuijenga upya. Ni mistari kumi. Huo ndio usumbufu wote unaoukimbia.

Swali: Naweza kusoma JSON kwa eval, ile fanksheni inayotekeleza maandishi kama msimbo wa Python? Nimejaribu, inafanya kazi.

Jibu: Hapana. Tena haifanyi kazi: siku seva itakapotuma true au null, Python itakuambia haiyajui majina hayo. Nimeona mtu ameandika null = None juu ya faili lake ili eval ipite. Ukifika hapo, kumbuka moduli ya json imo ndani ya Python tangu toleo la 2.6.

Swali: Kwa nini recv, ile ya kupokea kutoka kwenye soketi, inaniletea nusu ya ujumbe? Wakati mwingine inaleta ujumbe mmoja na robo.

Jibu: Hii ni barua ya nne mwezi huu, na jibu halijabadilika. TCP, itifaki inayobeba soketi yako, haina ujumbe. Ina mkondo wa baiti, basi. Ukiita recv(4096) umesema “nipe zilizopo, zisizidi 4096”, na hata moja ni jibu halali. Zungusha lupu mpaka utimize idadi unayoitaka, na ikirudi tupu ujue mwenzako amekata. Kwenye kompyuta yako mwenyewe itaonekana kama kila send ina recv yake. Ni bahati tu, na bahati hiyo inaisha siku programu inapotoka nje ya nyumba. Kwenye kutuma, tumia sendall badala ya send.

Swali: Nimetengeneza itifaki yangu: baiti nne za urefu, kisha maandishi yenyewe. Ilifanya kazi miezi miwili bila tatizo. Sasa seva inaganda, lakini si kila mara. Baada ya wiki nzima tumegundua inaganda mtu akituma neno ng’ombe kutoka kwenye simu. Nacheka lakini moyoni nalia.

Jibu: Hili ndilo swali bora nililopata mwaka huu. Kwanza, hongera kwa kuweka urefu mbele. Soma swali lililopita uone wenzako wako wapi. Sasa tumtazame ng’ombe wako kwa karibu.

Ukiandika ng'ombe kwa kibodi ya kompyuta, ile alama ya katikati kwa kawaida ni alama iliyonyooka, baiti moja. Baadhi ya simu huigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda, na hiyo katika UTF-8, mtindo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu: E2 80 99. Neno lako lina herufi saba kwa kuhesabu na jicho, lakini kwenye waya ni baiti tisa. Naweza kuapa bila kuuona msimbo wako kwamba umeita len juu ya stringi, ukapata 7, ukaandika 7 kwenye kichwa cha ujumbe, ndipo ukaita encode.

Mpokeaji mtiifu anasoma baiti saba. Anapata “ng’om”. Baiti mbili, b na e, zimebaki njiani. Anarudi kusoma urefu wa ujumbe unaofuata: baiti nne. Anachukua b, anachukua e, kisha sufuri mbili za mwanzo wa kichwa halisi. Kwa heksadesimali ni 62 65 00 00, yaani 1,650,786,304. Seva yako haijaganda hata kidogo. Imekaa kwa adabu ikisubiri baiti zaidi ya bilioni moja na nusu, kwa sababu wewe ndiye uliyeiambia zinakuja.

Dawa ni kubadili mpangilio wa mistari miwili: encode kwanza, len baadaye, juu ya baiti. Halafu weka kikomo. Kama ujumbe wako mkubwa kuliko wote hauzidi megabaiti moja, kichwa kinachodai zaidi ya hapo ni kosa au ni shambulio, na kwa vyovyote vile unakata mawasiliano. Mngekuwa na kikomo hicho mngepata kosa la wazi dakika ile ile, si wiki nzima ya kuwinda mnyama.

Walio kwenye JSON msimcheke. json.dumps, fanksheni ya kuandika JSON, huficha kosa hili kwa sababu, usipoiambia vinginevyo, kila herufi isiyo ya ASCII inaandikwa kwa mtindo wa \u2019, na hapo herufi na baiti zinalingana. Siku mtu atakapoweka ensure_ascii=False ili maandishi yasomeke vizuri kwenye logi, ng’ombe atakuja na kwenu.

Swali: Namba ya muamala inatoka kwenye seva ikiwa 9007199254740993, kwenye kivinjari inaonekana 9007199254740992. Nani mwizi?

Jibu: JavaScript, ila hakuiba kwa makusudi. JSON haiweki mpaka wa ukubwa wa namba, na Python inaandika namba kamili ndefu bila kupoteza tarakimu. JavaScript nayo, kwa JSON.parse ya kawaida, husoma kila namba kama desimali ya biti 64, ambayo usahihi wake kwa namba kamili unaishia mbili kwa kipeo cha 53. Ukipita hapo, jirani wanaanza kufanana. Twitter walipambana na jambo hili kwenye namba za tweet zao na wakaongeza id_str, namba ile ile ikiwa stringi. Fanya hivyo hivyo. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha si namba, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Na kwa kuwa umetaja muamala: fedha usizipitishe kwenye float. Tuma senti kwa namba kamili, au stringi inayosomwa na Decimal. Hukuuliza, lakini nawajua.

Swali: Kamusi yangu ilikuwa na funguo 1, 2, 3. Imerudi na funguo “1”, “2”, “3”. Ni hitilafu?

Jibu: Hapana. Ufunguo wa JSON ni stringi siku zote. Tuple zako nazo zitarudi zikiwa orodha, usiandike barua nyingine.

Swali: json.dumps inakataa datetime, objekti ya Python ya tarehe na saa. Nimeona mahali kwamba default=str inamaliza tatizo. Ni sawa?

Jibu: Inamaliza kelele. Tatizo linahama nyumba tu. default=str inaambia Python: chochote usichokijua, kigeuze maandishi na uendelee. Leo ni tarehe, inapita. Kesho mtu anasahau kugeuza objekti ya mteja, na badala ya kosa la wazi unatuma maandishi ya aina ya “<Mteja object at 0x7f3a…>”, ambayo mpokeaji anayahifadhi kwenye hifadhidata kwa uaminifu mkubwa. Andika fanksheni yako inayotambua datetime na Decimal, na kwa kingine chochote irushe kosa.

Kuhusu tarehe yenyewe: tuma UTC, kwa muundo wa RFC 3339, kiwango cha kuandika tarehe na saa, na kanda ya majira ikiwa imeandikwa mwishoni. Datetime isiyo na kanda ya majira haimwambii mpokeaji ni saa ngapi. Inamwachia abahatishe, naye atabahatisha kwa saa ya mashine yake.

Swali: Vipi kuhusu struct, moduli ya kupanga namba kuwa baiti? Nataka pakiti ndogo kwa ajili ya sensa, yaani kifaa cha kupimia.

Jibu: Ni chaguo zuri, ila anza kila muundo na alama ya mshangao. Muundo “bi”, yaani namba ya baiti moja kisha ya baiti nne, bila alama unafuata desturi za mashine yako: kwenye kompyuta za kawaida calcsize, inayohesabu ukubwa, inarudisha 8, kwa sababu baiti tatu za kujazia zimeingizwa katikati. Ukiandika “!bi” unapata 5, baiti yenye uzito mkubwa ikiwa mbele, bila kujazia, kila mahali. Mimi mwenyewe nilikesha usiku mmoja nikilaumu kebo, kumbe sensa ilituma tano na mimi nangoja nane.

Swali: MessagePack, CBOR na Protocol Buffers, miundo ya kufungasha kwa baiti, zina kasi kuliko JSON. Nihame?

Jibu: Umepima? Barua yako haina hata kipimo kimoja. Kama unatuma picha ndani ya JSON kwa base64, yaani baiti zilizogeuzwa herufi, hapo nakuelewa, maana kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. Kama unatuma jina na umri, baki ulipo.

Swali: Na YAML, ule muundo wa mafaili ya mipangilio?

Jibu: Ifungue kwa safe_load, isiyojenga objekti ngeni. Na kama mna orodha ya vifupi vya majina ya nchi, NO ya Norway iwekeeni alama za nukuu. PyYAML, maktaba ya YAML ya Python, itawasomea False.