Makala ya JBL kwenye Wikipedia: mmeuliza, najibu

Niliwaambia anayetaka kujifunza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili aanze na kitu anachokijua, na kwa vile kila mtaa una spika ya JBL au inayojiita JBL, wengi mmeichagua hiyo kampuni. Vizuri. Maswali yamejaa, nachukua machache, mengine yalikuwa yanafanana.

Niliandika "JBL ndiyo spika bora duniani", ikafutwa siku hiyohiyo. Kosa langu nini? (Mwanza)

Hayo ni maoni yako. Andika nani kasema, kasema wapi na lini, au acha.

JBL ilianzishwa lini hasa? Nakuta 1927, kwingine 1941, kwingine 1946. (Mombasa)

Swali zuri kuliko yote, na laiti wote mngeuliza hivi kabla ya kugusa kitufe cha kuhariri. Ni 1946. Hiyo miaka mingine ina uhusiano nayo lakini siyo JBL yenyewe. Iko hivi: James Lansing, aliyezaliwa 1902 kwa jina la James Martini, alifungua Lansing Manufacturing Company kule Los Angeles mwaka 1927 akiwa na mwenzake Ken Decker, Lansing upande wa ufundi na Decker upande wa biashara, na spika zao zikaja kuingia kwenye majumba ya sinema enzi zile filamu ndo zimeanza kuwa na sauti. Decker akafa kwa ajali ya ndege 1939, biashara ikayumba, 1941 kampuni ya Altec wakainunua, ndo likatokea jina Altec Lansing. Lansing akabaki humohumo kama mkubwa wa ufundi mpaka 1946, akatoka akafungua kampuni yake, Lansing Sound. Altec wakaja juu, jina la Lansing si tulishanunua? Ikabidi atumie jina refu, James B. Lansing Sound, na herufi JBL zimetoka hapo.

Kwa hiyo kwenye sanduku la taarifa (kile kijedwali cha pembeni ya makala) weka 1946, hiyo ya 1927 na 1941 ikae kwenye aya ya usuli, kila tarehe na tanbihi yake. Na msiishie hapo jamani! Rasimu mnazonitumia zinaruka kutoka 1946 moja kwa moja mpaka spika za Bluetooth, kama vile katikati kampuni ilikuwa imelala. Lansing alijiua 1949 akiiacha kampuni na madeni, na aliyeishika ikasimama ni William Thomas. Kuna spika ya D130 ya inchi 15 ambayo ilikuja kufungwa mpaka kwenye amplifaya za gitaa za Fender, kuna spika ya Paragon ya 1957, kuna kununuliwa na kampuni ya Sidney Harman 1969, kuna L100 ya 1970 ambayo ilikuwa ni spika ya studio imeletwa sebuleni. Hiyo ndo historia, rangi za spika za mwaka huu siyo historia. Kuhusu kifo cha Lansing, sentensi moja yenye chanzo inatosha, kueleza alivyojiua hakumsaidii msomaji yeyote, naomba sana tusiandike.

Mmiliki ni Samsung au Harman? (Dodoma)

Wote. JBL iko chini ya Harman International, na Harman ilinunuliwa na Samsung Electronics kwa dola bilioni 8 hivi, dili likakamilika Machi 2017. Mmiliki andika Harman, Samsung itaje kwenye maelezo.

Nauza spika orijino, naweza kuweka namba yangu ya simu pale chini kwenye viungo vya nje? (Dar es Salaam)

Hapana. Hili nimelijibu mara nyingi na sitalijibu tena. Namba ya duka, linki ya duka, bei, ofa, vyote vinafutwa, na ukirudia wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, watakufungia akaunti.

Je, kama kampuni inanilipa nihariri? (Nairobi)

Unatakiwa useme wazi, kwenye ukurasa wako wa mtumiaji au kwenye muhtasari wa uhariri (ule mstari wa kueleza ulichobadilisha, unaoujaza kabla ya kuhifadhi), nani anakulipa na kwa kazi gani. Ni sharti la matumizi la Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, tangu 2014. Halafu hata ukishasema, pendekezo lako lipeleke kwenye ukurasa wa majadiliano, waache wengine waamue. Na nyie wenye kampuni za kukodisha muziki wa harusi, msimlipe mtu anayewaahidi "makala ya uhakika". Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Kama hamjaandikwa kwa kina na gazeti au kitabu kisicho chenu, makala itafutwa na hela imeenda.

Naweza kutafsiri ile ya Kiingereza kwa mashine halafu nikapesti? (Kampala)

Kutafsiri ruksa, ila leseni ya Wikipedia inataka uwataje walioiandika, kwa hiyo kwenye muhtasari wa uhariri andika imetafsiriwa kutoka makala gani na uweke linki. Kupesti ulichotemewa na mashine bila kukisoma, hapana. Kinachoniumiza zaidi ni tanbihi: mtu anahamisha zote ishirini na hajafungua hata moja. Fungua. Utakuta linki imekufa, au chanzo kinasema "mwishoni mwa miaka ya 1940" huku makala imetaja mpaka mwezi. Ambayo hujaisoma usiiweke. Na hizi programu za akili mnemba ndo balaa, zinakupa jina la kitabu na namba ya ukurasa, ukikitafuta hicho kitabu hakijawahi kuchapishwa. Wasomaji wa Kiswahili wana haki ya habari ya kweli sawa na wengine, siyo wapewe makombo kwa sababu eti hakuna atakayekagua.

Nataka sehemu ya JBL feki zilizojaa madukani, kila mtu anajua zipo. (Arusha)

Zipo kweli, lakini "kila mtu anajua" siyo chanzo. Tafuta taarifa ya Tume ya Ushindani hapa Tanzania, au ya mamlaka ya bidhaa bandia ya Kenya, au habari ya gazeti inayotaja JBL kwa jina. Ukikosa, usiandike.

Picha natoa Google, sawa? (wengi)

Siyo sawa! Zina wenyewe. Kama kwaya yenu au baa ya jirani ina spika ya zamani ya JBL, omba ruhusa, piga picha mchana karibu na dirisha, ile lebo ya nyuma yenye namba ya modeli ipige peke yake isomeke, watu wasionekane. Pakia Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, kwa leseni huru (yaani unaruhusu wengine waitumie), na jina la faili liwe jina la modeli, siyo IMG na namba.