Ripoti ya udongo ni ya kazi gani?

SWALI: Nina ploti Embakasi, nataka kujenga ghorofa nne. Mhandisi anadai ripoti ya udongo kwanza. Jirani alijenga bila hiyo. Si naliwa pesa? – Baba Kevo

JIBU: Huliwi, Baba Kevo. Huko kwenu kuna udongo mweusi: ukinyeshewa unafura, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Hebu kazitazame kuta za jirani, pembeni mwa madirisha, uone kama hazina nyufa. Ripoti humwonyesha mhandisi udongo huo unaishia wapi na mwamba uko kina gani, ndipo aamue kuuchimbua wote au la. Anayekuandikia ripoti bila kuchimba hata shimo moja, mfukuze. Ungekuwa kando ya mto nisingekuachia hata kuuliza: mwaka 2016 jengo la ghorofa huko Huruma, Nairobi, liliporomoka karibu na mto, baada ya mvua kubwa.