KH-910 na kompyuta: inawezekana

Dada, umeuliza kama mashine yako ya kufuma inaweza kuunganishwa na kompyuta: inawezekana, usiiuze chuma chakavu. Hiyo Brother KH-910 haina tundu la waya wa kompyuta, yenyewe inasoma mchoro kwenye karatasi ya plastiki tu. Kwa hiyo unang'oa bodi ya ndani, unaweka Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia programu) na bodi ya AYAB (inayoiunganisha Arduino na mashine ya kufuma), halafu waya wa USB hadi kwenye laptop. Programu ni ya bure. Sindano zipo 200, kila nukta ya picha inakamata sindano moja. Ila kichwa, kile kinachopita juu ya sindano, utaendelea kukisukuma kwa mkono kushoto kulia. Kompyuta inachagua sindano tu, haifumi.

Ninayo kama hiyo hapa Igoma, Mwanza, natoa masweta ya shule yenye herufi kifuani. Kilichonitesa wala si umeme, ni sponji. Ile ya ndani ya ubapa unaokandamiza sindano ilikuwa imelala kama chapati, sindano zinaruka, mishono inadondoka, na mimi wiki mbili nailaumu Arduino! Nilipochomeka kipande cha sponji ya godoro ikatulia.

Kabla ya kuiwasha soma kibandiko chake. Kikisema 100V, hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Japani, ukiichomeka kwenye 230 ya kwetu umeiunguza. Tafuta kwanza transfoma ya kushusha. Mwenye KH-930 au 940 yeye hafungui kitu, zina tundu la kuunganishia kifaa cha disketi, waya wake maalumu unatosha.